Mtoto Akililia Kiberiti, Afundishwe

Kila mwaka mvua zinapokatika na majani kukauka katika mbuga za Kahama, Msalala na Ushetu, moto hupata chakula chake tayari. Mabua ya mahindi yamerundikwa nyuma ya nyumba, mapaa ya nyasi yamekauka hadi yanatoa mlio upepo unapopita, na ngitili ambazo wafugaji wamezitunza kwa miezi mingi zinangoja ng'ombe wa kiangazi. Katika majira hayo njiti moja ya kiberiti yatosha kuangamiza jasho la mwaka mzima. Na si mara chache, majivu yakishapoa na watu wakaulizana chanzo, hugundulika kwamba mkono uliowasha njiti hiyo ulikuwa mkono wa mtoto.

Hapo ndipo hufuata mambo mawili ambayo yamezoeleka mno. La kwanza ni fimbo. La pili ni methali. Mtoto huchapwa, kisha wakubwa hukaa kivulini wakikumbushana kwamba wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Baada ya hapo kila mmoja hurudi kwenye shughuli zake, kiberiti hurudishwa pale pale kilipokuwa, na kijiji hungoja kiangazi kingine.

Mwenendo huu hauna budi kukoma. Wahenga walikuwa na sababu ya kuutaja wembe na kutoutaja moto. Wembe humkata yule aliyeushika, naye akisikia maumivu huutupa na kujifunza. Moto hautupiki. Ukishatoka kwenye vidole vya mtoto hupanda ukuta, hushika paa, huvuka uchochoro na kwenda kumfundisha jirani ambaye hakuomba kufundishwa. Mara nyingi aliyeuwasha hukimbia salama, na mdogo wake aliyelala ndani ndiye anayebaki. Anayemwacha mtoto afundishwe na moto amekiachia kijiji kizima kilipe karo ya somo hilo.

Swali ambalo wazazi, walimu na watumishi wa umma katika eneo hili wanapaswa kulijibu ni dogo kwa maneno lakini ni zito kwa maana: mtoto wa Kahama anafundishwa na nani habari za moto?

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa kwa sababu watoto wa eneo hili huishi na moto tangu wanapoanza kutambaa. Nyumbani kuna mafiga matatu yaliyo sawa na urefu wa goti la mtoto, na sufuria ya uji au maharage iliyokaa juu yake bila kizuizi. Usiku kuna koroboi mezani au chini sakafuni, karibu na chandarua na godoro. Mjini Kahama, ambako mashine za kukoboa mpunga zinanguruma mchana kutwa, marundo ya pumba huwashwa au hushika moto na kuendelea kuungua chinichini kwa siku nyingi. Juu huonekana majivu ya kijivu yaliyotulia, na ndani ni kaa jekundu. Mtoto anayekimbilia mpira wake na kukanyaga rundo hilo huzama mpaka vifundoni kabla hajajua alichokanyaga. Matanuri ya kuchomea matofali nayo yana hatari ya namna hiyo hiyo, kwani hubaki na joto kali muda mrefu baada ya moshi kutoweka.

Huko Ushetu, ambako tumbaku ya mvuke ni uhai wa kaya nyingi, mabani hukaushia majani kwa moto wa kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo. Moto huo hauna budi kulindwa, na mzazi aliyechoka baada ya kukesha hujikuta amemwachia zamu mtoto ambaye umri wake haujafika kulinda hata kuku. Katika mashamba ya malisho, wavulana wachungaji huwasha moto wa kuchomea mahindi na viazi, kisha ng'ombe wanaposogea nao huondoka na kuliacha kaa likiwa hai chini ya majivu. Wengine huchoma nyasi kuwatoa panya mashimoni. Upepo wa alasiri hufanya yaliyobaki.

Katika ukanda wa dhahabu, kuanzia Kakola hadi upande wa Geita, yapo mengine zaidi. Petroli ya kuendeshea pampu na mashine huwekwa katika chupa za maji na za soda, na mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Mvuke wa petroli hutambaa ardhini bila kuonekana na waweza kulifikia jiko lililo mbali na chupa yenyewe. Zebaki iliyochanganywa na dhahabu huchomwa juu ya jiko la mkaa nyuma ya nyumba, watoto wakichungulia, na wachache hukumbuka kwamba mvuke unaotoka hapo ni sumu inayoharibu ubongo na figo, hasa za mtoto. Mabaki ya baruti na vifaa vya kuilipulia yakiachwa ovyo huokotwa na watoto kama vitu vya kuchezea. Na katika barabara kuu inayopita Isaka na Kahama kwenda Rwanda na Burundi, magari ya mafuta hupita kila saa. Nchi nzima inakumbuka yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti, 2019, pale lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Mtoto aliyeona wakubwa wakikimbilia mafuta yanayomwagika amefundishwa somo tayari, ila amefundishwa kinyume.

Kwa hiyo basi, kumwambia mtoto wa mazingira kama haya neno moja tu, “usiguse”, ni sawa na kumwambia mtoto wa mvuvi asiyaangalie maji. Ataugusa moto kwa sababu nyumbani ndio unaopika, ndio unaoangaza na ndio unaoleta fedha. Tena kabla hajafika darasa la tatu atatumwa na mama yake kwa jirani akaombe kaa. Ukweli huu ukikubaliwa, kazi inayobaki ni kumfundisha.

Ili kufundisha vema hapana budi kwanza kuelewa kwa nini mtoto huchezea moto. Si watoto wote wana sababu moja, na mwalimu au mzazi anayewatibu wote kwa dawa moja hatapona kulaumiwa.

Wapo walio wadogo, wa umri kati ya miaka mitatu na saba. Hawa husukumwa na udadisi mtupu. Wanaona mwanga, wanaona kitu kikibadilika rangi na umbo, nao wanataka kujua. Hawana nia mbaya na hawawezi kupima matokeo. Mtoto wa miaka minne hajui kwamba moto mdogo na moto mkubwa ni kitu kimoja. Dawa ya kundi hili ipo zaidi kwa mkubwa kuliko kwa mtoto: kiberiti kikae juu mahali ambapo mkono wake haufiki, koroboi isiachwe chumbani na mtoto peke yake, na mafiga yawekewe kizuizi, hata kama ni ukuta mfupi wa udongo ambao mama anaweza kuujenga kwa siku moja.

Wapo wa umri wa kati, wanaosoma shule ya msingi, ambao huchezea moto kwa ushindani na wenzao. Hawa ndio wanaosaga vichwa vya njiti ili kutengeneza fataki za sikukuu, wanaotupa makopo yaliyozibwa katika moto wa jalala ili wayasikie yakilipuka, na wanaoyeyusha plastiki ili matone yake yawaunguze sisimizi. Wanajua kiasi fulani, lakini wanajiamini kupita kiasi wanachokijua. Kundi hili linahitaji elimu na linahitaji dhamana. Mvulana aliyekabidhiwa jukumu la kuhakikisha kwamba moto wa malishoni umezimwa kwa maji au mchanga kabla ya kundi kuondoka, na ambaye anaulizwa jioni kama alifanya hivyo, huacha kuwa mchezaji wa moto na kuwa mlinzi wake.

Kundi la tatu ni dogo lakini lisipuuzwe. Ni la watoto wanaowasha moto kwa sababu ya uchungu: aliyefiwa, anayeonewa, anayepigwa nyumbani, au anayetaka shule ifungwe kwa sababu shuleni anateseka. Kwa mtoto huyu moto ni namna ya kusema jambo ambalo hajapata mtu wa kumwambia. Mwalimu anayegundua kwamba mwanafunzi mmoja amewasha moto mara ya pili au ya tatu kwa siri, aulize kwanza kinachomsibu, kisha amhusishe mzazi na afisa ustawi wa jamii. Akifanya hivyo atakuwa ameokoa nyumba, na pengine ameokoa maisha ya mtoto mwenyewe.

Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, baadhi ya idara za zimamoto zilitambua tofauti hizi na kuanza kuwashughulikia watoto wanaochezea moto kwa mazungumzo na mafunzo. Askari wa zimamoto hukaa na mtoto na mzazi wake, humwuliza, humwonyesha, na humrudia tena baada ya muda kuona kama amebadilika. Jambo hilo halihitaji utajiri mkubwa, bali linahitaji mtu mzima mwenye subira.

Hapa kuna wale watakaosema kwamba subira hiyo ni anasa, na kwamba fimbo ndiyo iliyowalea wao. Hoja hiyo yastahili kujibiwa kwa uwazi, kwa sababu watu wanaoitoa ni wengi na wanawapenda watoto wao. Fimbo humfundisha mtoto kukificha kiberiti, lakini haimfundishi kuuzima moto. Tena ina madhara mengine ambayo hayaonekani mpaka siku ya msiba. Mtoto anayejua kwamba atapigwa, moto unapomshinda hakimbilii kwa wakubwa kupiga yowe. Hujificha. Huingia chini ya kitanda, hujifunika nguo, huingia kabatini, akitumaini kwamba asipoonekana kosa nalo halitaonekana. Askari wa zimamoto wa nchi nyingi wanajua kwamba watoto wadogo hutafutwa katika maficho kama hayo, na kwamba mara nyingi hupatikana wakiwa wamechelewa. Dakika mbili alizotumia kuogopa adhabu ndizo dakika ambazo moto ungeweza kuzimwa kwa ndoo moja ya maji.

Sheria za nchi hii nazo zinamtazama mtoto kwa jicho hilo. Kanuni ya Adhabu haimhesabu mtoto aliye chini ya miaka 10 kuwa anaweza kutenda jinai, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka juu ya mzazi wajibu wa kumlinda, kumtunza na kumwongoza. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka sita anapochoma ghala, mwenye swali la kujibu ni mkubwa aliyekiacha kiberiti.

Hebu sasa yatazamwe mambo ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anapaswa kuyajua kama anavyoijua hesabu ya kujumlisha. Ni machache, na yote yanaweza kufundishwa chini ya mwembe bila kifaa cha gharama.

La kwanza, akiokota kiberiti, njiti, chupa yenye harufu ya mafuta, au kitu chochote asichokijua karibu na machimbo, asikichezee bali amwite mkubwa, naye mkubwa huyo amsifu badala ya kumkaripia. La pili, moto ukianza asijifiche, bali atoke nje haraka huku akipiga yowe, na akishatoka asirudi ndani kufuata kitu chochote, iwe daftari, kiatu au mbuzi. La tatu, moshi ukijaa chumbani atambae, kwa kuwa hewa inayovutika ipo chini karibu na sakafu. Moshi huua watu wengi kuliko ndimi za moto zenyewe. La nne, nguo yake ikishika moto asikimbie, kwa sababu mbio huupa moto upepo. Asimame, ajilaze chini, afunike uso kwa mikono, ajiviringishe mpaka moto uzimike. Maneno hayo matatu, simama, lala, viringika, yanaweza kuwa wimbo wa mchakamchaka, na mtoto aliyeyaimba asubuhi mia moja hatayasahau siku moja atakayoyahitaji.

La tano ni habari ya kuzima. Maji yanafaa kwa kuni, nyasi na nguo. Mafuta ya kupikia yakishika moto hayamwagiwi maji, kwani yatalipuka na kusambaa. Sufuria hufunikwa kwa mfuniko na jiko huzimwa. Petroli huzimwa kwa mchanga. Waya wa umeme haumwagiwi maji wakati umeme haujakatwa. Haya ni ya kujua, lakini mtoto aambiwe waziwazi kwamba kazi ya kuzima ni ya mkubwa, na kazi yake yeye ni kutoka na kuita.

La sita ni huduma ya kwanza, na hapa wakubwa wana mengi ya kusahau kabla ya kuwafundisha watoto. Mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa muda wa dakika 20. Nguo na bangili ziondolewe mapema, isipokuwa nguo iliyogandamana na ngozi. Kisha pafunikwe kwa kitambaa kisafi na mgonjwa apelekwe zahanati. Dawa ya meno, yai bichi, mafuta ya taa, samli, unga na majivu ni vitu ambavyo huzuia joto kutoka, huingiza uchafu katika kidonda, na humpa mganga wa zahanati kazi ya kumwosha mtoto upya huku akilia kwa uchungu. Malengelenge nayo yasipasuliwe. Katika kijiji ambacho maji ni ya kuchota mbali, beseni moja na kikombe kimoja vyatosha kwa kuchota na kumwagia polepole.

La saba lahusu mtoto mwenye kifafa, ambaye huweza kuanguka motoni bila kucheza. Imani kwamba povu lake huambukiza imewafanya watu wasimame kando wakati mtoto akiungua mbele ya macho yao. Kifafa hakiambukizi. Mtoto huyo atolewe motoni mara moja na yeyote aliye karibu, na nyumbani kwake moto uinuliwe kutoka ardhini.

Uzito wa jambo hili si wa kubuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 180,000 hufa duniani kila mwaka kwa kuungua, sehemu kubwa katika Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki, na kwamba vifo vya watoto kwa kuungua katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni zaidi ya mara saba ya vile vya nchi tajiri. Tofauti hiyo haitokani na wazazi wa huko kuwapenda watoto wao zaidi. Inatokana na nyumba, majiko, viberiti na mafunzo. Mfano mmoja watosha. Mwaka 1994 Marekani iliweka kanuni kwamba viberiti vya gesi viwe vigumu kuwashwa na mtoto mdogo, na vifo vya moto uliowashwa na watoto wadogo kwa viberiti hivyo vikapungua sana. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zikaamua vivyo hivyo. Viberiti vya gesi vinavyouzwa leo katika maduka ya Kahama na Katoro kwa bei ya pipi chache vinastahili kutazamwa kwa jicho hilo hilo na Shirika la Viwango na wote wanaohusika na uingizaji wa bidhaa.

Walimu nao wana sababu yao ya pekee ya kulibeba jambo hili. Tarehe 18 Juni, 1994, moto uliteketeza bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, na zaidi ya wanafunzi 40 walikufa. Mwezi Agosti, 2009, wasichana 12 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, katika moto ambao chanzo chake kilielezwa kuwa mshumaa. Mwezi Septemba, 2020, watoto 10 walikufa katika bweni la shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa, mkoani Kagera. Nchini Kenya, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa kwa makusudi, na mwaka 2024 wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Nyuma ya kila tarakimu hizi kuna mzazi aliyempeleka mtoto wake shuleni akiamini kwamba huko ndiko atakakokuwa salama zaidi.

Mafunzo ya misiba hii hayahitaji tume mpya. Mlango wa bweni ufunguke kwa nje na usifungwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Dirisha la bweni lisiwe jela ya nondo. Pawepo milango miwili. Mishumaa na koroboi visiingie bwenini. Ndoo za mchanga zijazwe mchanga na zisigeuzwe mapipa ya takataka. Na angalau mara moja kila muhula kengele ya hatari ipigwe, wanafunzi watoke, wahesabiwe uwanjani, na mwalimu mkuu aandike zimetumika dakika ngapi. Shule ambayo haijafanya zoezi hilo haijui kama watoto wake wanaweza kutoka. Inadhani tu.

Yapo pia mabadiliko yanayokuja ambayo yanadai elimu mpya. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika matumizi ya nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema: itaokoa misitu, itaokoa mapafu ya akina mama, na itayaondoa mafiga chini ya miguu ya watoto. Lakini mtungi wa gesi una tabia zake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini na kungoja cheche. Mtoto aliyezoea mafiga hajui kwamba katika jiko la gesi hatari huweza kuwapo bila moto kuonekana. Afundishwe kwamba akisikia harufu hiyo asiwashe kiberiti wala asiguse swichi ya taa, afungue mlango, atoke na aite. Ni heri elimu hii ifike pamoja na mtungi kuliko kufika baada yake.

Yawezekana mtu akasema kwamba hii ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi hilo, lililowekewa sheria yake mwaka 2007, lina wajibu mkubwa, na namba yake ya dharura, 114, inastahili kuandikwa ukutani katika kila darasa na kila ofisi ya kijiji. Lakini ukweli usemwe. Paa la nyasi huteketea kwa dakika chache, na hakuna gari litakalotoka mjini likaipita barabara ya vumbi likawahi paa hilo. Katika vijiji kikosi cha kwanza cha zimamoto ni majirani, na kikosi hicho kitakuwa hodari au dhaifu kulingana na kilivyofundishwa. Kazi kubwa ambayo askari wa zimamoto wanaweza kuifanya vijijini ni kufika mapema, kabla ya moto, wakiwa walimu.

Eneo hili halikosi mfano wa watu kujipanga. Jadi ya Sungusungu, iliyoibuka Kahama na wilaya jirani mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliwafundisha wananchi kwamba filimbi moja ikilia usiku kila mtu hutoka. Filimbi hiyo hiyo inaweza kulia kwa ajili ya moto. Kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanzishwa mwaka 1986, ilirudisha ngitili na miti katika ardhi iliyokuwa imegeuka jangwa, na ilifanikiwa kwa sababu wanakijiji wenyewe waliweka kanuni na kuzisimamia, ukiwamo ulinzi dhidi ya moto. Taifa zima nalo lina kumbukumbu ya namna elimu inavyoweza kumfikia kila mtu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vijiji vikachimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Mwaka 1980 ikafuata Misitu ni Mali. Nchi iliyoweza kuwafundisha mamilioni kuchimba choo haiwezi kushindwa kuwafundisha watoto wake kusimama, kulala na kuviringika.

Kwa hiyo wajibu ugawanywe sasa, kabla ya kiangazi kingine. Mzazi aanze leo jioni kwa kukitafutia kiberiti mahali pa juu na kwa kukaa na mtoto wake karibu na mafiga, amweleze moto ni nini, amwonyeshe namna ya kuufukia na kuhakikisha umekufa. Mwalimu autengee moto kipindi, auingize katika masomo ya sayansi na katika shamba la shule, kwani Elimu ya Kujitegemea haikukusudiwa kufundisha jembe peke yake. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake waweke kanuni ya kuchoma mashamba, wazitangaze siku zinazoruhusiwa, na wahakikishe marundo ya pumba na mashimo ya takataka yanayowaka yamezungushiwa uzio. Balozi wa nyumba kumi ajue ni kaya zipi zina watoto wadogo wanaobaki peke yao mchana, na atafute jirani wa kuwatazama. Mnunuzi na chama cha ushirika cha tumbaku wasimkubali mtoto kuwa mlinzi wa bani. Viongozi wa machimbo wapige marufuku petroli katika chupa za maji, na wayaweke mabaki ya baruti mahali penye kufuli.

Hakuna lolote kati ya haya linalongoja bajeti ya mwaka ujao. Ndoo ya mchanga haiagizwi kutoka ng'ambo, na wimbo wa watoto haulipiwi ushuru. Kinachohitajika ni wakubwa kukubali kwamba mtoto anayewasha njiti kwa siri anauliza swali, na kwamba swali hilo litajibiwa tu, ama na mzazi na mwalimu wake, ama na moto wenyewe. Jibu la moto halina masahihisho.